Kukubali, Kukubaliana na Kauli Moja: Msamiati wa Umoja Utazamwapo kutoka Kasesya

Kasesya ni kituo cha mpakani katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa, ambako barabara itokayo Sumbawanga kupitia Matai inaingia Zambia. Kwa mwanaisimu, mahali hapa pana faida yake. Upande wa Tanzania, Kiswahili kinaishi bega kwa bega na Kifipa, Kimambwe na Kirungu, lugha ambazo Guthrie aliziweka katika kundi moja la M10. Kimambwe na Kirungu husemwa pia ng'ambo ya mpaka, ambako Kibemba ndicho lugha kubwa ya mawasiliano. Na anayeendelea hadi Lusaka atakikuta Kinyanja.

Tulichukue neno pamoja. Mbemba husema pamo, Mnyanja pamodzi. Viungo ni vilevile katika lugha zote tatu: kiambishi cha mahali pa- na mzizi wenye maana ya 'moja'. Kwa hiyo, asili ya neno hili si hisia wala nia, bali ni mahali. Walio pamoja ni waliosimama palipo pamoja. Kiswahili cha leo kinasema "mahali pamoja" na "tamko la pamoja" bila msemaji kuhisi kwamba amevuka kutoka ngeli ya mahali hadi kwenye dhana ya ushirika.

Hata hivyo, kusimama mahali pamoja si kuafikiana, na hapa ndipo msamiati wetu unapokuwa tajiri. Vitenzi kubali, afiki, ridhia na shiriki vina asili ya Kiarabu. Kiswahili kimevivika vazi la Kibantu, hasa kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Anayekubali hupokea neno la mwenzake, wanaokubaliana wamepokeana. Patana, ambacho ni cha Kibantu tangu mzizi hadi mwisho, kina kumbukumbu ya mvutano: watu hupatana bei baada ya kuvutana, na mpatanishi haitwi pasipo ugomvi. (Wanasarufi nao wanapoueleza "upatanisho wa kisarufi" hutumia mzizi huohuo, kana kwamba nomino na kitenzi viliwahi kugombana.) Shikamana kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa kinabeba kauli ya kutendama pamoja na ya kutendana: si kushikana kwa dakika moja, bali ni kudumu katika hali ya kushikana.

Tofauti hizi si za kamusini tu. Zanzibar ilipata Muafaka kati ya CCM na CUF mwaka 1999, kisha mwingine mwaka 2001. Baada ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad kukutana Novemba 2009, neno lililoshika nafasi lilikuwa Maridhiano, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ikafungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kwa maoni yangu, mabadiliko hayo ya jina yalikuwa na maana. Muafaka huweza kutiwa saini ukawekwa kabatini. Maridhiano yanadai radhi ya nafsi, tena ya pande zote, kwa kuwa -an- imo ndani ya neno lenyewe.

Lipo pia fungu la maneno linalohitaji kutazamwa kwa tahadhari zaidi: kwa kauli moja. Kauli ni usemi. Fungu hili linashuhudia kwamba vinywa vimesema neno moja. Halisemi lolote juu ya mioyo, wala juu ya aliyenyamaza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Katika nchi ya wakulima kama Ufipa, basi, kitenzi kinachoandikwa katika muhtasari wa mkutano huo kinaweza kugusa mashamba ya watu. "Wanakijiji wamekubali" inaarifu kwamba jambo lililetwa likapokelewa. "Wanakijiji wamekubaliana" inaarifu kwamba walijadiliana wao kwa wao. "Wanakijiji wamekubaliana na mwekezaji" ni sentensi ya tatu, na ndiyo yenye utata kuliko zote: kisarufi kiima ni wanakijiji peke yao, mwekezaji amesukumwa nyuma ya na, na msomaji hawezi kujua ni nani aliyeleta masharti na ni nani aliyeyapokea. "Wanakijiji na mwekezaji wamekubaliana" inawaweka wote katika kiima kimoja na kuwagawia wajibu sawa, hata pale ambapo uwezo wao haukuwa sawa.

Mwanafunzi anayekusanya data za mikutano ya hadhara atafanya vyema kunakili kitenzi kama kilivyotamkwa, pamoja na viambishi vyake vyote, kabla ya kukifasiri. Kiingereza mara nyingi hutumia kitenzi kimoja mahali ambapo sisi tunavyo viwili, kukubali na kukubaliana, na katika tafsiri ya muhtasari silabi inayodondoka kwanza ni hiyo ya -an-.