Kijana Akiomba Ufunguo wa Gari

Miongoni mwa maswali yanayozusha mabishano katika nyumba zenye gari, moja ni hili: mtoto aliyekwisha kuwapita wazazi wake kwa kimo, je, yuko tayari kushika usukani? Nchini Uganda swali hilo huja aghalabu baada ya mtihani wa Senior Six, kijana anapokaa nyumbani miezi mingi akingojea nafasi ya chuo. Baba humwona mtu mzima. Mama humwona mtoto. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, na kwa hiyo yafaa waamue pamoja kabla ufunguo haujatoka mfukoni.

Sheria kwanza

Katika Uganda, kama ilivyo Kenya na Tanzania, mtu haruhusiwi kuendesha motokaa barabarani kabla hajatimiza miaka 18. Hata akiitimiza, huanza kwa leseni ya mwanafunzi, gari likiwa na herufi L nyekundu, na mtu mwenye leseni kamili akiwa kando yake. Baadaye hutahiniwa na mkaguzi wa magari wa polisi. Cheo cha baba hakipunguzi hata siku moja katika umri huo.

Jambo hili lazihusu hasa familia za askari. Kijana wa miaka 16 anayesimamishwa kwenye kizuizi cha polisi huona njia nyepesi ya kulitaja jina la baba yake. Konstebo aliye zamu, akiogopa kumwudhi mkubwa, humwacha apite. Hapo watatu wamepata hasara: konstebo ameiacha kazi yake, baba amepungukiwa heshima bila kujua, na kijana amejifunza kwamba sheria imewekwa kwa watoto wa wengine. Lakini lori linalokuja mbele yake halimjui baba yake wala cheo chake. Tena mzazi anayempa ufunguo mtoto asiye na leseni naye hujiweka mbele ya hakimu pamoja na mwanawe. Ama gari la serikali, hilo si la kufundishia mtoto kwa hali yoyote.

Umri si ukomavu

Miaka 18 ni mlango tu. Haina maana kwamba kila anayeufikia yu tayari kuingia. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sababu moja imo katika maumbile. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, isaidiayo kupima hatari na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Ndiyo maana kijana aweza kuwa hodari wa klachi na gia, naye bado akawa dhaifu mbele ya sifa za wenzake.

Askari wanaielewa tofauti hiyo. Kuruta hapewi risasi siku ile ile anayokabidhiwa bunduki. Hufundishwa kwanza kuibeba, kuisafisha na kuielekeza mahali pa salama, na mkufunzi hukitazama zaidi kidole kinachojizuia kuliko kile kinachofyatua. Gari lenye uzito wa kilo elfu moja na zaidi lastahili heshima iyo hiyo.

Dalili za kutazamwa

Basi mzazi asiulize tu kama mwanawe ajua kuliondoa gari; aulize kama ajua kulisimamisha, na kukataa. Dalili zake huonekana nyumbani. Akitumwa, hurudi kwa wakati? Akikosea, husema mwenyewe, au hungoja agunduliwe? Akiudhiwa na ndugu zake, hujizuia? Kijana anayeendesha baiskeli kwa kuwatisha waendao kwa miguu hawezi kubadilika kwa kuongezewa magurudumu mawili.

Baba amketishe amwulize: "Mwanangu, wenzako wanne wakiwa garini wakakuambia uongeze mwendo, utawajibu nini?" Jibu la "Nitaona" halitoshi. Mama naye akubali kupanda gari hilo mara kadhaa, mchana, kijana akiendesha. Akishuka moyo ukiwa umetulia, hiyo ni shahada kubwa. Na mabinti wapimwe kwa kipimo hicho hicho, wala wasinyimwe kujifunza kwa sababu ni wasichana.

Hatua kwa hatua

Mwaka 1987 New Zealand iliweka utaratibu wa leseni unaomwongoza dereva mpya kwa hatua, ukimwekea mipaka ya kuendesha usiku na kuchukua abiria hadi apate uzoefu. Familia yaweza kujiwekea utaratibu kama huo bila kungoja amri. Baada ya leseni, miezi ya kwanza iwe ya mchana, njia fupi, mzazi akiwa kando. Kisha aende peke yake sokoni na kurudi. Baadaye ajizoeze mvua na barabara ya murramu, ambako breki hudanganya. Usiku na barabara kuu vije mwisho, na marafiki wangoje pia.

Afundishwe na hesabu. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Anayeitazama simu kwa sekunde tatu amekwenda mita 50 kama kipofu, yaani karibu nusu ya uwanja wa mpira. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa kama mara nne.

Lipo pia agano moja lisilogharimu kitu. Kijana aambiwe kwamba akichoka, au akinywa pombe, au aliyemchukua akiwa amelewa, apige simu nyumbani saa yoyote, naye atafuatwa. Usiku huo asigombezwe. Maonyo yangoje asubuhi. Mtoto anayeogopa hasira ya baba kuliko ajali atachagua ajali.

Mwisho, kijana hujifunza udereva miaka mingi kabla ya leseni, akiwa kiti cha nyuma. Baba asiyefunga mkanda, anayejibu simu akiendesha, au anayewapigia honi wanawake walio katika kivuko, amekwisha kufundisha somo lake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe yu tayari na aanze kwa kuutazama mkono wake mwenyewe ulioshika usukani.