"Akafanya Kazi": Filamu za Wauaji wa Kukodiwa na Somo la Tasfida

Utangulizi

Nilikuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari huko Gashonga, wilaya ya Rusizi, zamani Cyangugu. Mwalimu mwanafunzi aliwapa wanafunzi wa mwaka wa tano zoezi la masimulizi: kila mmoja asimulie filamu aliyoitazama. Kijana mmoja akasimulia filamu ya wauaji wawili wanaowindana. Alisimulia kwa ufasaha, akiigiza sauti ya msimulizi wa agasobanuye, na wenzake wakapiga makofi. Mwisho akasema, "Basi akaingia ndani, akafanya kazi, akatoka."

Mwalimu mwenyeji, mama wa makamo aliyeketi nyuma pamoja nami, akauliza kwa upole, "Kazi gani, mwanangu?"

"Samahani Mwalimu, aliua."

"Alimuua nani?"

Kijana akafikiri kidogo. "Jina lake silikumbuki, Mwalimu."

Sarufi ya kijana haikuwa na kosa. Hata hivyo, swali la mama yule ni swali la lugha, na makala haya yanakusudia kulijibu.

Filamu hizi ni za namna gani?

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki wamezoea mgawanyo wa pande mbili: upande huu steringi, upande ule adui. Hata riwaya zetu za kusisimua zilifuata njia hiyo. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974) na riwaya zilizofuata, hutumia bastola bila kusita, lakini ni mpelelezi mwenye nchi anayoitumikia. Msomaji anajua kwa nini damu inamwagika.

Filamu za wauaji mahasimu zimeuondoa mgawanyo huo. Wote wawili ni wauaji wa kukodiwa, wote ni mabingwa, na kinachowapambanisha ni malipo na sifa. Katika Branded to Kill (1967) ya Mjapani Seijun Suzuki, wauaji wamepangwa kwa namba kama wanamichezo. Mhusika mkuu ni namba tatu, naye anapenda mno harufu ya wali unaochemka. Katika Assassins (1995) ya Richard Donner, Sylvester Stallone ni muuaji aliyechoka anayetaka kustaafu, na Antonio Banderas ni kijana anayetaka kumwondoa ili ashike nafasi yake.

Sifa ya pili ni urembo. Mapigano hupangwa kama ngoma, kwa hatua na mapigo. John Woo wa Hong Kong, katika The Killer (1989), alilipeleka pambano la mwisho ndani ya kanisa lenye mishumaa na njiwa. Mtazamaji hustaajabia ustadi, na wanaoanguka pembeni huwa hawana majina wala jamaa. Ndiyo maana kijana wetu hakulikumbuka jina. Huenda hata halikutajwa.

Zinavyotufikia

Wengi wetu hatukuzipata filamu hizi katika lugha zake za asili. Nchini Rwanda zilitufikia kwa agasobanuye, yaani filamu zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda juu ya sauti ya awali. Miongoni mwa wasimulizi waliojulikana sana alikuwa Thomas Nkusi, maarufu kwa jina la Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Kenya ina DJ Afro, waliosimulia kwa Kiswahili. Wasimulizi hawa hufupisha, huongeza utani, na humpa mhusika jina la mtaani. Tusiwadharau. Mwanafunzi aliyelelewa na agasobanuye huja darasani akiwa tayari anajua kusimulia, na hilo ni hazina kwa mwalimu wa Kiswahili.

Msamiati na tasfida

Kiswahili hakina upungufu wa maneno kwa mada hii. Tuna muuaji, muuaji wa kukodiwa, mlenga shabaha, na mdunguaji, neno linalotokana na kudungua, yaani kuangusha kilicho juu kama tunda mtini. Tuna pia mamluki, askari anayepigana kwa malipo, ambaye tusimchanganye na muuaji wa kukodiwa.

Lakini wauaji wa filamu hawapendi maneno hayo. Kwao kuua ni "kazi", anayelipa ni "mteja", na kuua ni "kumaliza", "kunyamazisha" au "kuondoa". Katika John Wick (2014) mhusika hupiga simu kuagiza nafasi za chakula cha jioni kwa watu kumi na wawili. Watu hao ni maiti walioko nyumbani kwake, na wanaokuja ni wasafishaji.

Hiyo ni tasfida. Tunawafundisha wanafunzi kwamba tasfida ni lugha ya adabu inayositiri jambo zito: tunasema kufariki badala ya kufa, kujifungua badala ya kuzaa. Fasili hiyo ni sahihi, ila haijakamilika. Hapana budi tuulize: ni nani anayesitiriwa? Tasfida ya heshima humsitiri aliyepatwa na jambo. Tukisema "mzee amefariki", tunamstahi mzee na wafiwa. Tasfida ya muuaji humsitiri mtenda.

Sarufi inathibitisha. Tazama sentensi hizi mbili:

(a) Alimuua.
(b) Alifanya kazi.

Katika (a), kiambishi -mu- ni cha yambwa. Ndicho kinachombeba marehemu ndani ya kitenzi. Hata bila jina, msikilizaji anajua yupo mtu, na ana haki ya kuuliza ni nani. Katika (b) kiambishi hicho hakipo, kwa kuwa "kufanya kazi" hakuhitaji mtendwa. Marehemu ameondolewa duniani, kisha ameondolewa katika sentensi.

Kwa nini Gashonga

Kwingineko jambo hili lingekuwa zoezi la isimu tu. Kwetu si hivyo. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wauaji walitumia kitenzi cha Kinyarwanda gukora, yaani kufanya kazi, kumaanisha kuua. Rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, aliwahimiza watu "kufanya kazi" katika hotuba yake mjini Butare tarehe 19 Aprili 1994. Nacho kitenzi gukora, kama "kufanya kazi" kwetu, hakimtaji mtendwa.

Parokia ya Mibilizi iko Gashonga. Mwaka 2010 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani Yussuf Munyakazi kwa mashambulizi dhidi ya watu waliokimbilia parokia za Shangi na Mibilizi mwishoni mwa Aprili 1994. Kwa mtengenezaji filamu wa Hong Kong, kanisa lilikuwa jukwaa. Kwa watu wa Gashonga si jukwaa. Mama aliyeuliza "kazi gani?" hakuwa akisahihisha insha peke yake.

Mapendekezo kwa walimu

Sipendekezi filamu hizi zipigwe marufuku katika mazoezi ya darasani. Wanafunzi watazitazama tu, na tutakuwa tumepoteza nafasi ya kufundisha. Napendekeza haya:

1. Mwanafunzi asimulie kisa mara mbili: kwanza kwa lugha ya wahusika, kisha kwa vitenzi vya wazi. Darasa lijadili kilichobadilika.

2. Katika somo la viambishi, wanafunzi watafute yambwa iliyofichwa. Penye "alimaliza kazi", waulize: alimmaliza nani?

3. Mwanafunzi aandike aya moja kuhusu yule asiyetajwa jina: alitoka wapi, na nani alimsubiri nyumbani jioni ile.

Aidha, mwalimu awe mwangalifu. Katika darasa la Rusizi wamo watoto wa familia zilizopoteza watu, na huenda wamo wa familia za waliotenda. Asimlazimishe yeyote kusimulia ya nyumbani kwao. Filamu yatosha.

Hitimisho

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na vijana wengi wanakitazamia kiwafungulie biashara na ajira katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni matumaini mema. Hata hivyo, lugha tunayowapa iwawezeshe pia kuita jambo kwa jina lake. Kabla hatujatoka darasani siku ile, kijana alisimama bila kuombwa akarudia sentensi yake ya mwisho: "Akaingia ndani, akamuua mlinzi wa mlango, akatoka." Mwalimu wake akamwambia, "Sasa nimekuelewa."