Chumba cha chini kwa ajili ya mugeni: namna ya kukitengeneza na feza kidogo



Wazee wetu walisema: "Mugeni aje, mwenyeji apone." Ni neno zuri. Lakini tuangalie mambo yenye kufanyika ndani ya nyumba zetu siku mugeni anafika. Mama mukwe ametoka kijijini, ao shangazi amekuja mujini kutafuta dawa. Unamupa kitanda cha watoto, sababu ni heshima. Na watoto je? Wanalala jikoni juu ya mukeka, karibu na mbabula. Ao wanateremuka katika kile chumba cha chini, chenye giza na maji maji, fasi munaweka majembe na mifuko ya makala. Kisha juma moja mutoto anaanza kukohoa. Mama anamuleta kwa kipimo na kusema: "Muganga, sijui baridi hii imetoka wapi."

Imetoka katika kile chumba.

Katika Bukavu na miji mingine ya milima, nyumba nyingi zinajengwa juu ya muteremuko. Chini ya nyumba kunabaki chumba ambacho ukuta wake mumoja ao mbili zimezikwa katika udongo wa mulima. Chumba kama hicho kinaweza kuwa chumba kizuri cha mugeni, na hautahitaji feza nyingi. Lakini kazi ifuate mupango wake. Mutu mwenye kuanza na rangi na kumaliza na maji, anatupa feza yake.

1. MBELE YA YOTE: JE, FASI HIYO INAFAA KULALA MUTU?

Mama wa Goma, wa Sake, na wa kando ya kaskazini ya ziwa Kivu, usikilize vizuri. Kwenu kuna mazuku. Mazuku si pepo wala ulozi. Ni gazi yenye kutoka katika udongo wa volkano, wataalamu wanaiita kaboni dioksidi. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inateremuka na kujaa fasi za chini kama maji ndani ya beseni. Inazidi usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo. Watoto ndio wa kwanza kufa, sababu pua yao iko karibu na chini. Kama kwenye mutaa wenu watu wanakuta mbuzi ao kuku wamekufa katika mashimo, usilaze mutu katika chumba cha chini, hata kikiwa kizuri namna gani. Usitegemee taa kukuonyesha: mutu anaweza kuumia mbele taa haijazimika. Na kama mutu ameanguka katika fasi ya namna hiyo, usiteremuke mbio kumuinua. Wengi walikufa hivyo, mumoja nyuma ya mwingine.

Mama wa Bukavu, wewe angalia mulima. Kama ukuta una ufa, piga alama na kalamu kwenye ncha mbili za ufa, na uandike tarehe pembeni. Kama nyuma ya mvua kubwa ufa umepita alama, usitumie chumba. Ita fundi mwashi. Udongo wa mulima uko unasukuma.

2. MAJI YANATOKA WAPI?

Ukuta wenye maji maji unaleta ukungu mweusi. Ukungu ule unaingia katika hewa, na mutoto mwenye pumu, ao mwenye kifua zaifu, anapumua kwa taabu. Lazima tujue maji yanatoka wapi.

Fanya jaribu hili, ni bure. Kata kipande cha plastiki, upana wa kitabu. Kibandike juu ya ukuta, funga pande zote ine na utepe wenye kunata. Ngojea siku mbili. Kama maji yako chini ya plastiki, upande wa ukuta, basi yanatoka katika udongo wa inje. Kama maji yako juu ya plastiki, upande wa chumba, basi ni hewa ya ndani yenye unyevu, na dawa yake ni dirisha.

Kama yanatoka inje, usianze ndani. Anza inje:
— Weka mufereji wa manjanja pembeni ya paa, ili maji ya mvua yasianguke karibu na ukuta. Maji hayo yaingie katika pipa, utafulia nguo.
— Chimba mufereji upande wa juu wa nyumba, ili maji ya mulima yapite pembeni. Usichimbe karibu sana na musingi, wala chini kuliko musingi, nyumba itateremuka.
— Pandisha udongo karibu na ukuta, ili uteremuke kwenda inje. Katika metre moja ya kwanza, muteremuko wa sentimetre 5 unatosha.
— Ondoa takataka na kuni zenye kuegemea ukuta.

Kazi hii inaombwa jembe na mikono. Kisha ngojea mvua tatu ao ine. Hapo utaona kama umeshinda.

3. DIRISHA

Chumba bila dirisha ni chumba cha kuweka viazi, si cha kulaza mutu. Mafundi wanasema: dirisha liwe sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha metre 3 kwa metre 3 kinaomba dirisha karibu metre moja kwa metre moja. Kama haiwezekani, fanya matundu mbili, moja kila upande, juu karibu na dari, ili upepo upite. Funika na waya ya mbu. Lakini usitoboe ukuta peke yako: nyumba yote ya juu imekaa juu yake. Fundi aweke kwanza mbao nzito ao beto juu ya tundu.

Kwa nini tunasumbuka na dirisha? Kifua kikuu kinaenea kwa hewa. Mugonjwa akikohoa, vijidudu vinabaki vinaelea katika chumba chenye kufungwa. Upepo unavitoa inje, na mwanga wa jua unaviua. Sahani na kikombe si njia yake. Njia yake ni hewa ya chumba.

4. UKUTA

Sugua ukungu na brosi, sabuni na maji. Funga kitambaa juu ya pua na mudomo. Mama mwenye mimba na watoto wasikae pale siku hiyo. Acha ukuta ukauke vizuri.

Kama kuna rangi ya zamani yenye kubanduka, angalisho! Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake, na vumbi yake inaharibu akili ya mutoto. Usiisugue kavu. Ilowanishe kwanza na maji, ikwangue polepole, zika vipande, panguza sakafu na kitambaa chenye maji.

Kisha paka chokaa. Ni rahisi kuliko rangi, na inaacha ukuta upumue. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji maji itabanduka mbele ya mwaka kuisha. Kama umenunua chokaa ya mawe, fanya hivi: tia maji katika ndoo ya chuma, kisha tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwange maji juu ya chokaa, yataruka. Itachemuka sana. Funika macho, watoto wakae mbali. Ikilala usiku mumoja, ichunge na kitambaa, tia chumvi mukono mumoja ili ishike. Lowanisha ukuta, paka mara tatu, nyembamba nyembamba. Kama chokaa imeingia katika jicho, osha na maji safi mengi wakati uleule, na kuja hospitali bila kungoja kesho.

5. SAKAFU

Katika nyufa za udongo wanaishi viroboto, funza, na kupe wenye kuitwa kimputu, wenye kuleta homa ya kurudia-rudia. Kama feza iko, pigilia mawe madogo sentimetre 10, tandika plastiki, kisha mwanga beto: ndoo 1 ya simenti, ndoo 3 za muchanga, ndoo 6 za changarawe. Juu yake paka simenti 1 na muchanga 3. Ilowanishe kila siku kwa siku 7, isipasuke. Mufuko wa simenti usiuweke juu ya udongo, utakuwa jiwe. Uweke juu ya mbao.

Kama feza haiko, usikate tamaa. Ziba nyufa na udongo wa kufinyanga, pigilia, fagia kila siku, na anika mikeka kwenye jua.

6. KITANDA NA CHANDARUA

Kitanda kiwe cha mbao, kipande juu ya sakafu, sentimetre 40 hivi. Kisiguse ukuta, acha nafasi ya mukono mumoja. Godoro la nyasi kavu linafaa, lakini lianikwe kila juma, na nyasi zibadilishwe zikianza kunuka.

Sasa neno kubwa. Mama mwenye mimba anapewa chandarua chenye dawa siku ya kupima mimba. Chandarua kile ni chako na cha mutoto. Tunajua mama mingi, kwa haya, anakiondoa kwa kitanda chake na kukitundika kwa mugeni. Usifanye hivyo. Mugeni ni mutu muzima, malaria itamulaza. Lakini mutoto wa miaka miwili, malaria inaweza kumuua. Tafuta chandarua kingine kwa ajili ya chumba cha mugeni, kiwe kati ya vitu vya kwanza vya kununua, mbele ya pazia na mbele ya kiti. Chandarua kipya kitundike kivulini siku moja mbele ya kulalia. Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida, usitumie javel, usikianike kwenye jua kali.

7. MBABULA ISILALE NA MUTU

Mulimani usiku ni baridi, na chumba cha chini kinazidi. Mwenyeji mwema anamuletea mugeni mbabula yenye makala ya moto. Mama, kwa wema ule unaweza kumuua mugeni wako. Makala yenye kuwaka katika chumba chenye kufungwa yanatoa sumu isiyo na harufu. Haifanane na moshi. Hata makala yenye kuwa mekundu vizuri yanaitoa. Alama zake: kichwa kinauma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu bila nguvu, usingizi muzito. Mutu analala na haamuke. Mama mwenye mimba akiipumua, mutoto wa ndani anaumia kupita yeye.

Basi mupe mugeni bulangeti ya pili, na chupa ya maji ya moto yenye kufungwa ndani ya kitambaa. Mbabula ibaki inje. Usiitumie pia kukausha ukuta huku watu wamelala. Kama umekuta mutu amezimia: fungua mulango na dirisha, mutoe inje kwa upepo, mulete hospitali mbio.

8. FEZA ITATOKA WAPI?

Usingoje kupata yote. Gawanya kazi tatu.

Isiyo na feza: mufereji, kuondoa takataka, kusugua, kuziba nyufa, kuanika.
Yenye feza kidogo: chokaa, waya ya mbu, chandarua, mbao za kitanda.
Yenye feza nyingi: dirisha, simenti, manjanja ya mufereji.

Kama uko katika likelemba, zamu yako ikifika, nunua kitu kimoja cha kazi ya tatu na ukimalize. Nusu ya dirisha haimusaidie mutu.

9. MUGENI MWENYE KUKOHOA

Wageni wengi wanakuja mujini sababu wako wagonjwa. Ikiwa mugeni amekohoa majuma 2 ao zaidi, ikiwa amekonda, ikiwa usiku analowana jasho, mupe chumba kile peke yake, dirisha likiwa wazi. Watoto wasilale pamoja naye. Hapana kumutenga wala kumunong'onea. Umuambie hivi: "Shangazi, kesho tutaenda pamoja kupima makohozi." Kifua kikuu kinapona, na dawa zake hazilipwi. Halafu ulete pia watoto wapimwe.

MASWALI YA KUKUMBUKA
1. Siku mugeni anakuja, watoto wangu wanalala wapi?
2. Maji ya ukuta wangu yanatoka inje ao ndani?
3. Upepo unaingia wapi na kutokea wapi?
4. Nani analala chini ya chandarua usiku wa leo?
5. Mbabula iko wapi wakati tunafunga mulango?

Mama, kama umejibu maswali haya tano, chumba chako kiko tayari, hata kama pazia halijapatikana. Kata mufereji mbele ya mvua kurudi. Na kama kuna neno hukulielewa, uulize siku ya kipimo, mbele ya wenzako. Ulizo lako litamusaidia na mwenye kukaa kando yako.