Ufa wa Ukingo wa Kisima Hauponi kwa Lipu Peke Yake

Mwisho wa kiangazi ndio wakati mzuri wa kukagua kisima cha nyumbani. Katika kata ya Ntalikwa, kama ilivyo Tabora kwa jumla, mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukatika Aprili au Mei. Kabla hazijaanza, ardhi imekauka na kila ufa unaonekana. Mvua za kwanza zikiukuta ufa huo wazi, zinasukumia kisimani uchafu wote uliokusanyika uani tangu masika yaliyopita: samadi ya ng'ombe, mavi ya kuku, majivu na takataka. Maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa Tabora kwa bomba, lakini kwa anayetegemea kisima chake, ukingo ndio kinga ya kwanza ya afya ya familia.

Ukingo una sehemu tatu: ukuta unaosimama juu ya ardhi, sakafu ya zege inayouzunguka, na mfereji wa kupeleka mbali maji yanayomwagika. Ukuta huzuia watoto, mifugo na maji ya uani. Sakafu ndiyo hupuuzwa, ingawa kazi yake ni kubwa: inayalazimisha maji machafu yapite kwenye udongo mwingi na kuchujwa kabla ya kuyafikia maji ya kunywa. Katika ukaguzi wa visima vya kuchimba kwa mkono, Shirika la Afya Duniani hutaka kujua kama sakafu imeenea angalau mita 1 kuzunguka kisima, na kama ina nyufa. Ufa mbaya kuliko zote ni ule wa pale sakafu inapokutana na ukuta, kwa sababu hapo maji hupata njia ya mkato moja kwa moja hadi kisimani.

Ufa huo huanzia chini. Kwenye udongo wa kichanga, ambao ni mwingi Tabora, maji yanayomwagika pembeni hubeba mchanga kidogo kidogo hadi zege linabaki limeelea. Siku ndoo ya lita 20 ikituliwa kwa kishindo, linapasuka. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kila msimu unainyanyua na kuishusha sakafu. Kisha kuna miembe, miti inayokumbusha njia ya misafara ya Ujiji na Bagamoyo. Kivuli chake kinapendeza, lakini mizizi yake hufuata unyevu na ina nguvu ya kunyanyua zege.

Kwa hiyo chunguza kabla ya kununua saruji. Gonga sakafu kwa mpini wa nyundo kuanzia ukutani kwenda nje. Penye udongo imara sauti ni nzito na fupi. Palipo wazi chini, italia kama debe tupu. Kisha paka niru (uji wa saruji na maji) kidogo juu ya ufa kama daraja, andika tarehe pembeni, uiache wiki kadhaa. Niru ikibaki nzima, ufa umetulia. Ikikatika, sakafu bado inatembea, na lipu yoyote utakayopaka itakatika vivyo hivyo.

Ufa uliotulia na wenye udongo imara chini yake hauna gharama kubwa. Funika mdomo wa kisima kwa turubai ili vipande visianguke ndani. Panua ufa kwa tindo hadi upate mfereji wa sentimita 2 hivi, safisha vumbi lote, lowesha, paka niru, na kabla niru haijakauka shindilia mchanganyiko mgumu wa saruji moja kwa mchanga tatu. Zege jipya halishiki juu ya zege la zamani lililo laini, kavu au lenye vumbi.

Panapolia kama debe tupu, vunja. Ondoa udongo uliolegea, jaza kokoto na changarawe kwa tabaka, na shindilia kila tabaka. Mwaga zege la sentimita 10 kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Tumia mchanga safi: ukiusugua viganjani ukaacha tope, una udongo mwingi. Sakafu ishuke angalau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mferejini, na mfereji uishie bustanini, mbali na kisima. Kama tatizo ni mbuga au mzizi, kata mzizi kwanza, na kwenye kiungo cha sakafu na ukuta weka kizibo kinachonyumbulika, kilichoidhinishwa kwa maji ya kunywa.

Kazi nyingi nzuri huharibikia baada ya fundi kuondoka. Saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji, na jua la Septemba huyanyonya mapema. Funika kwa magunia na uyamwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7.

Mwisho, tibu maji. Koroga gramu 50 za klorini ya unga ya asilimia 70 kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20, ukiwa mahali pa wazi na umevaa glavu. Kila mita moja ya ujazo wa maji kisimani inahitaji lita 10 za mchanganyiko huo. Kisima chenye kipenyo cha mita 1 na maji ya kina cha mita 2 kitahitaji lita 16 hivi. Acha usiku kucha, kisha chota na kumwaga mbali hadi harufu kali iishe.

Mwenye nyumba ana haki ya kuona kilichoko chini ya sakafu yake. Fundi akitaka kupaka lipu siku hiyo hiyo aliyofika, mwombe kwanza agonge, afukue na akuonyeshe.