Vidonge vya kukinga saratani vilivyoongeza saratani

Januari 1996, watu zaidi ya 18,000 nchini Marekani waliokuwa kwenye utafiti mmoja waliambiwa waache vidonge walivyokuwa wakimeza kila siku. Wengi wao walikuwa wavutaji wa sigara au watu walioacha kuvuta, na wengine walikuwa wamefanya kazi kwenye vumbi la asbesto. Nusu yao walikuwa wakipewa vitamini A na betakarotini, kirutubisho kinachoipa karoti rangi yake. Lengo lilikuwa kuwakinga na saratani ya mapafu.

Waliokuwa wakimeza vitamini hizo walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi ya wale waliopewa kidonge kisicho na kitu. Vifo vya sababu zote navyo vilikuwa juu kwa asilimia 17. Utafiti huo, uliopewa jina la CARET na kuongozwa kutoka Seattle, ulisimamishwa miezi 21 kabla ya muda wake.

Matumaini hayo hayakuzuka tu. Kwa miaka mingi wanasayansi walikuwa wameona kwamba watu wanaokula sana mboga na matunda hawapati saratani ya mapafu kwa wingi kama wengine. Mwaka 1981 watafiti, akiwemo Richard Peto wa Uingereza, waliuliza kwenye jarida la Nature kama betakarotini ndiyo siri yenyewe. Lilikuwa swali la haki. Tatizo ni kwamba maduka hayakusubiri jibu.

Dalili ya kwanza ilitoka Finland. Huko wanaume 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wote wavutaji wa sigara, walifuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yaliyotangazwa 1994 yalionyesha kuwa waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Wengi walidhani ni bahati mbaya ya hesabu, mpaka CARET ikaleta jibu lile lile.

Nani alilipa gharama za kulijua hilo? Tafiti zote mbili zilipata fedha kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani (NCI), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1937 na inayoendeshwa kwa kodi za wananchi. Mtafiti anayeomba ruzuku huko huandika andiko, wanasayansi wenzake hulisoma na kulipa alama, na mengi hukataliwa. Utaratibu huo unachosha na unalalamikiwa sana. Lakini ni vigumu kufikiria kampuni inayouza kidonge cha bei nafuu ikitoa mamilioni ya dola na kusubiri miaka kumi ili ithibitishe kuwa kidonge chenyewe kina madhara.

Mzazi asije akatupa mchicha kwa kusoma habari hii. Karoti, maembe, mapapai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa havikuhusika. Kilichopimwa ni vidonge vyenye kiwango kikubwa, vilivyomezwa kila siku kwa miaka na watu ambao mapafu yao yalikwisha kuumizwa na moshi au vumbi. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 kliniki nayo ni jambo jingine kabisa: hutolewa kila baada ya miezi kadhaa kuzuia upungufu unaoleta upofu na vifo. Mtoto apelekwe kama kawaida.

Wa kuangaliwa ni baba, babu au mjomba anayevuta sigara na kununua chupa ya virutubisho akiamini anafuta madhara. Asome kibandiko. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wanaotoa mwongozo wa kinga nchini Marekani lilishauri betakarotini isitumike kuzuia saratani.

Ruzuku hizo hazileti habari mbaya tu. Kuanzia 2002, NCI iligharimia utafiti wa watu 53,454 wenye umri wa miaka 55 hadi 74 waliokuwa wamevuta sigara sana, kwa takriban dola milioni 250. Wapo waliopigwa eksirei ya kifua na wapo waliopimwa kwa CT-Scan ya mionzi midogo, mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu. Matokeo ya 2011 yalionyesha kuwa CT-Scan ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Kufikia 2015, bima ya serikali ya wazee nchini humo ilikuwa inalipia kipimo hicho.

Hata hivyo, karibu robo ya vipimo vya CT-Scan vilionyesha kitu cha kutiliwa shaka, na zaidi ya asilimia 95 ya hivyo havikuwa saratani. Kwenye nchi zenye kifua kikuu kingi, kama zetu, makovu ya kifua kikuu huweza kuzidisha utata huo, kwa hiyo jibu la Marekani haliwezi kuchukuliwa lilivyo. Tena lilihusu wavutaji wa sigara, si mama aliyepika kwa kuni miaka thelathini, ingawa moshi huo ulitajwa tangu 2006 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa huenda unasababisha ugonjwa huo.

Maswali kama hayo yanahitaji mlipaji, na mlipaji mmoja ameyumba. Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilianzisha mfuko wa saratani ya mapafu ndani ya bajeti ya utafiti wa tiba ya Wizara ya Ulinzi, kwa dola milioni 20. Mwaka 2025 bajeti hiyo yote ilishushwa kutoka dola bilioni 1.5 hadi milioni 650, na saratani ya mapafu haikutengewa kitu mwaka huo. Ndiyo saratani inayoua watu wengi zaidi nchini humo.

Kwa familia, la kufanya leo halihitaji ruzuku. Kikohozi kikizidi wiki mbili, mgonjwa aende hospitali. Na kama ametumia dawa za kifua kikuu bila nafuu, ndugu waulize kama kuna kipimo kingine, kwa sababu magonjwa haya mawili hufanana na wapo wagonjwa waliopoteza miezi wakitibiwa lisilo lao.