Ruta ya Buraza Ikizimika Usiku: Kengele ya Mitambo Ndani ya Kundi la Chati

Ruta ikizimika Buraza saa nane usiku, fundi aliyeko mjini Gitega ana swali moja tu: niende au nisiende? Kwenda ni kutafuta pikipiki na petroli usiku wa manane, na Burundi kwa miaka ya karibuni petroli imekuwa kitu cha kupangiwa foleni. Asipokwenda, na kumbe alihitajika, asubuhi wananchi wa Buraza watafika dirishani na kuambiwa mtandao haupo. Mimi hupima kwa swali hilo kila ushauri unaotolewa kuhusu kuunganisha programu ya kufuatilia mitambo na programu ya kuchati ya timu. Ujumbe usiomsaidia fundi kuamua ni kelele, hata ukifika kwa sekunde moja.

Tuchukue mfano wa taasisi ya kawaida. Seva zake ziko Gitega. Tawi moja liko Buraza, kusini mwa mkoa huohuo, na jingine liko Muyinga, kaskazini-mashariki, kwenye njia ya kwenda mpaka wa Kobero. Inaweza kuwa shirika la mikopo midogo, hospitali, au ofisi inayopokea ripoti za vituo vya afya kwenye DHIS2, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Burundi nayo inautumia. Mafundi ni wawili au watatu, na mmoja wao daima yuko safarini. Taasisi za namna hii ndizo zinazonufaika zaidi na muunganiko huu, kwa sababu hazina uwezo wa kumlipa mtu akeshe mbele ya skrini.

Kazi ya kukesha hupewa programu. Zabbix, iliyoanzia Latvia na kutolewa kwa umma mwaka 2001, na Prometheus, iliyoanza mwaka 2012 ndani ya kampuni ya SoundCloud, ndizo zinazotumika sana na zote mbili ni za bure. Kila baada ya muda mfupi programu inauliza: ruta ya Buraza, upo? Seva ya Gitega, diski yako imebakiza nafasi kiasi gani? Betri ya Muyinga, una asilimia ngapi? Majibu yanahifadhiwa, na jibu likivuka mpaka uliowekwa, programu inatangaza tatizo. Zamani tangazo hilo lilikwenda kwenye barua pepe, na barua pepe ya usiku husomwa asubuhi. Ndiyo maana watu wakaanza kulipeleka mahali ambapo timu tayari inazungumza.

Daraja lenyewe ni jepesi. Programu nyingi za kuchati, kama Slack, Mattermost au Telegram, zinaweza kukupa anwani maalumu ya intaneti. Chochote kitakachotumwa kwenye anwani hiyo kwa mpangilio unaotakiwa kinatokea kwenye kundi kana kwamba kimeandikwa na mwanakikundi. Mafundi huiita webhuku. Zabbix ilipata njia hii ndani yake tangu toleo la 4.4 la mwaka 2019, na Telegram, Slack na nyinginezo zina fomu zilizokwisha kuandaliwa. Kwa Telegram, unaiandikia akaunti iitwayo BotFather, unaomba boti mpya, unapewa tokeni, unaiingiza boti kundini, kisha unajaza tokeni na namba ya kundi kwenye Zabbix. Mtu aliyezoea humaliza kabla chai haijapoa.

Tokeni hiyo ni siri sawa na nenosiri la seva. Mwenye nayo anaweza kuandika kundini kwa jina la boti yenu, na tangazo la uongo la usiku linaweza kumtoa fundi nyumbani kwake. Msiibandike kundini "ili isipotee", na fundi akiacha kazi, ombeni mpya.

Wengi wataniuliza kuhusu WhatsApp, maana ndiko walipo watu wa Gitega na Muyinga. Ukweli ni kwamba WhatsApp haifungui mlango huu kirahisi kwa kundi la kawaida. Njia yake rasmi ya kibiashara inataka akaunti iliyosajiliwa, maandishi yaliyoidhinishwa mapema na malipo. Zipo programu za pembeni zinazojifanya simu ya mtu, lakini kampuni huzifungia namba za aina hiyo, na namba hufungiwa bila taarifa. Kengele inayoweza kunyamazishwa na kampuni ya ng'ambo wakati wowote haifai kulinda hospitali. Bakizeni WhatsApp kwa maongezi yenu, na kengele zipeni mahali pake.

Siku chache baada ya kuunganisha ndipo kazi inapoonyesha ugumu wake. Mkongo unaoifikia Buraza ukikatika, programu haioni tatizo moja. Inaona ruta haijibu, swichi haijibu, kompyuta tano hazijibu, printa haijibu, kamera haijibu. Kundi linajaa kwa dakika moja. Telegram yenyewe hairuhusu boti kutuma zaidi ya jumbe 20 kwa dakika kwenye kundi moja, kwa hiyo ule ujumbe muhimu unaweza kuwa nyuma ya foleni ya printa na kamera. Ikijirudia mara mbili tatu, kila mtu anazima mlio wa kundi. Kuanzia hapo mmejenga kitu kibaya kuliko kutokuwa na kengele kabisa, kwa sababu mkurugenzi anaamini mitambo inalindwa na hakuna anayesikiliza.

Dawa yake ipo ndani ya programu zenyewe, na inashangaza ni taasisi ngapi haziigusi. Katika Zabbix unaieleza programu kwamba vifaa vyote vya Buraza vinategemea ruta ya Buraza, na ruta hiyo inategemea kiungo cha Gitega. Kilicho juu kikianguka, vilivyo chini vinakaa kimya. Katika Prometheus kazi hiyo hufanywa na Alertmanager, inayokusanya matangazo ya aina moja: isipobadilishwa, inasubiri sekunde 30 ili yakusanyike, kisha inarudia baada ya saa 4 tatizo likiwa bado lipo. Jambo la pili ni subira. Umeme wetu hukatika na kurudi, na ruta iliyozimika kwa dakika moja haihitaji kumwamsha mtu. Kwa tawi la Buraza mimi ningesema dakika tano za kutojibu ndipo tatizo litangazwe. Kwa seva kuu za Gitega, dakika mbili. Na diski iliyojaa kwa asilimia 80 ingoje asubuhi.

Sasa tutazame ujumbe wenyewe. Programu ikiachwa ilivyo, fundi ataamshwa na kitu kama hiki: "rt-bz-01, ICMP, thamani 0, uzito: juu." Aliyesanidi anaelewa. Aliye zamu usiku huo, akiwa na usingizi machoni, atalazimika kuwasha kompyuta, kununua bando na kuanza kuchimba. Linganisha na huu:

"BURAZA: ruta haijibu tangu saa 8:12 usiku. Umeme ulikatika saa 5:40 usiku; betri ilikuwa imebaki asilimia 9. Gitega na Muyinga wako hewani. Ofisi ya Buraza inafunguliwa saa 1:30 asubuhi. Zamu: fundi wa pili."

Kwa mistari hiyo uamuzi umekwisha. Umeme wa Regideso, shirika la umeme la Burundi, haupo, betri imeisha, ruta imezimika kama ilivyotarajiwa. Umeme ukirudi itawaka yenyewe. Fundi analala, na saa kumi na mbili asubuhi anatazama tena. Lakini ujumbe uleule ungesema umeme upo na betri ina asilimia 100, habari ingekuwa nyingine: kifaa kimekufa au mkongo umekatwa, na petroli itafutwe mapema. Habari ya betri inapatikana tu ikiwa betri yenyewe imeunganishwa kwenye mtandao na inafuatiliwa. Ukiwa na fedha za kununulia kifaa kimoja tu cha ziada kwa Buraza, nunua betri inayoweza kuulizwa hali yake.

Angalieni na saa. Burundi iko saa moja nyuma ya Tanzania. Ukivuka Kobero kuingia Kabanga, saa inasogea mbele. Taasisi inayokodi seva Dar es Salaam, au iliyoacha seva yake kwenye saa ya kimataifa, itapokea jumbe zenye saa isiyolingana na ya mlinzi wa Buraza anayesema "umeme ulikatika saa tano". Mafundi wanapoteza muda wakibishana kipi kilitangulia. Wekeni saa ya Burundi kila mahali, na ujumbe useme usiku au asubuhi.

Kundi lina udhaifu mwingine usio wa mitambo: ujumbe ulioonwa na watu sita unaweza usishughulikiwe na yeyote, kila mmoja akidhani mwenzake ameshika. Kwa hiyo ujumbe utaje aliye zamu, na yeye ajibu kwa neno moja kundini, "nimechukua". Slack na Mattermost huruhusu kitufe kinachopeleka jibu hilo mpaka kwenye programu ya ufuatiliaji, na Zabbix inajua kupanda ngazi: dakika 15 zikipita bila mtu kukiri, ujumbe unakwenda kwa fundi mkuu, na nusu saa ikipita, kwa mkurugenzi. Wakurugenzi wachache hupenda kuamshwa, lakini aliyewahi kuamshwa mara moja huwa hasahau kupanga zamu.

Limebaki swali la njia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kwa takriban saa sita, baada ya kosa wakati wa matengenezo ya mtandao mkuu wa kampuni. Mainjinia wake walikuta hata vyombo vyao vya ndani vya kurekebishia havifanyi kazi, kwa kuwa vilipita kwenye mtandao uleule ulioanguka. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania ikaumia sana. Burundi haina bahari. Intaneti yake hupita kwa majirani, ikiwemo njia ya Kabanga inayoungana na Mkongo wa Taifa wa Tanzania. Siku kama hiyo boti ya Telegram haina pa kupitia, na ndiyo siku mnayoihitaji kuliko zote.

Kwa hiyo kengele za uzito wa juu ziwe na njia ya pili. Zabbix inaweza kutuma SMS kupitia modemu ya simu iliyochomekwa kwenye seva. Laini yake iwe ya kampuni tofauti na inayowapa intaneti: mkitumia mtandao wa Lumitel, modemu iwe na laini ya Econet au Onatel. Taasisi yenye uwezo zaidi iweke Mattermost kwenye seva yake yenyewe Gitega. Intaneti ya nje ikifa, mawasiliano ya ndani kati ya Gitega na Muyinga yanaweza kuendelea. Buraza nako wekeni proksi ya Zabbix, kompyuta ndogo inayokusanya vipimo papo hapo na kuvihifadhi kiungo kinapokatika. Isipobadilishwa huhifadhi vya saa 1 tu. Ongezeni mpaka siku kadhaa, ili kiungo kikirudi mjue kilichotokea wakati tawi limejitenga.

Na nani anamlinda mlinzi? Seva ya ufuatiliaji ikizimika, kundi linakuwa tulivu, na utulivu huo unafanana kabisa na usiku mwema. Kompyuta nyingine, iliyoko Muyinga na yenye modemu yake, iiulize seva ya Gitega kila dakika tano kama ipo. Ikikosa jibu mara tatu, itume SMS. Ni kazi ya mistari michache ya maandishi na vifaa vya bei ndogo, nami naiweka mbele ya michoro na rangi zote ambazo wauzaji huonyesha.

Mafundi wa Gitega, Buraza na Muyinga, nawaomba jambo moja. Mkishamaliza kusanidi, chagueni siku ya kazi mchana, mjulisheni mkuu wa tawi, kisha chomoeni ruta ya Buraza na kuwasha saa ya kuhesabu. Tazameni ujumbe unamfikia nani, kwa njia gani, baada ya dakika ngapi, na kama aliyeupokea anaweza kusema bila kupiga simu kwa mtu yeyote: naenda, au siendi. Halafu rudieni jaribio hilo mkiwa mmezima intaneti ya Gitega. Lifanyeni kabla mvua za Septemba hazijaanza na radi zake.