Ghala la Picha Likijaa, Mama Afute Nini?

Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kupelekwa Somalia chini ya Umoja wa Afrika, jamaa nyingi za makambini zimezoea kuishi kwa simu. Baba yuko Mogadishu, mama yuko kambini, mtoto mkubwa yuko shule ya bweni, na kinachowaweka pamoja ni picha, sauti na barua zinazopita katika simu ya mkononi. Aghalabu mama ndiye mtunza kumbukumbu wa nyumba hiyo. Zamani alikuwa na albamu na sanduku la bati. Leo ana akaunti ya Google.

Picha hizo hazikai ndani ya simu peke yake. Simu nyingi za Android, mwenyewe akisharuhusu, hupeleka nakala ya kila picha katika ghala la mtandaoni ambalo watu wamelizoea kwa jina la “wingu”. Jina hilo limewapotosha wengi. Wingu hili haliko angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yanayolindwa usiku na mchana; jumba moja la Google, huko Hamina nchini Finland, lilikuwa kiwanda cha karatasi kabla kampuni hiyo haijalinunua mwaka 2009. Na kama ilivyo kwa kila ghala, nafasi yake ina kipimo. Mwenye akaunti isiyolipiwa huwa na gigabaiti 15, ambazo hugawanywa baina ya barua pepe, faili za Drive na picha. Wenye simu za Apple hupewa gigabaiti 5 tu katika ghala la iCloud.

Gigabaiti 15 ni nyingi kwa picha na ni chache kwa video. Picha moja ya simu ya kawaida huchukua megabaiti 3 au 4, lakini dakika moja ya video yaweza kula megabaiti 100 na kupita. Saa mbili na nusu za video za namna hiyo zatosha kulijaza ghala lote.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya sajini, ambaye jina lake halina haja hapa kwa kuwa nyumba kama hiyo ipo katika kila kambi. Jioni moja bibi yake aliona maandishi mekundu katika simu: nafasi imekwisha. Mama huyo alikuwa mtu makini. Alifikiri kama anavyofikiri mwenye ghala la mtama, kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Basi akaanza na picha za 2017 na 2018: harusi yao, mtoto wa kwanza akiwa na siku tatu, na mama mkwe wake ameketi mlangoni akimenya matoke, mwaka mmoja kabla hajafariki. Alizitazama moja moja, nyingine akazifuta huku machozi yakimlengalenga. Kwa jioni mbili alifuta picha zaidi ya 600. Kisha akatazama kipimo. Kilikuwa pale pale.

KWA NINI KIPIMO HAKIKUSHUKA

Sababu zilikuwa mbili, na kila mwenye akaunti yampasa kuzijua kabla hajagusa kitu.

Sababu ya kwanza ni tupio. Kinachofutwa hakitoki papo hapo. Huenda katika tupio na kuendelea kuhesabiwa humo. Barua na faili za Drive hukaa humo siku 30, na picha zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni hukaa siku 60. Nafasi hairudi mpaka muda huo upite au mwenyewe alimwage tupio kwa mkono wake.

Sababu ya pili inajulikana na wachache zaidi. Hadi tarehe 1 Juni 2021, Google ilipokea bila kuzihesabu picha zote zilizopelekwa kwa ubora uliopunguzwa kidogo. Kuanzia siku hiyo kila picha mpya inahesabiwa, lakini zile za kale hazikuongezwa katika hesabu. Kwa hiyo picha za harusi na za mama mkwe, ambazo mama huyu alizitoa kwanza kwa kuwa ni kuukuu, hazikuwa zimechukua nafasi hata chembe. Angefuta zote asipate kitu. (Zilizopelekwa kwa ubora wake kamili huhesabiwa, za zamani na za sasa. Mtu akifungua maelezo ya picha, huelezwa kama inachukua nafasi au haichukui.)

Wakati huo jambo jingine lilikuwa likitendeka pasipo yeye kujua. Ghala likijaa, si picha tu zinazokataliwa. Barua pepe nazo hazitoki wala haziingii. Anayeandika hurudishiwa barua yake. Chuo kimoja kilikuwa kimempatia nafasi kijana wa nyumba hiyo, kikamwandikia kwa anwani ya mama yake athibitishe kabla ya mwisho wa mwezi. Barua ikarudi. Ikaandikwa tena, ikarudi. Lau karani wa chuo asingechukua taabu ya kupiga simu, nafasi ile ingepewa mtoto wa mtu mwingine, na nyumbani wangeendelea kungoja.

Aliyewasaidia alikuwa koplo wa mawasiliano aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alipoelezwa habari yote, hakugusa simu kwanza.

“Mama, picha hizo ulizifuta lini?”

“Yapata wiki sita, afande.”

“Na tupio hujalimwaga?”

“Hata sijui liko wapi.”

“Basi na ushukuru hukujua,” akasema koplo.

Ilikuwa siku ya arobaini na moja. Zilibaki siku kumi na tisa picha zile zipotee kabisa. Koplo alilifungua tupio la picha, akazirudisha zote mahali pake, ndipo akaanza kutafuta ni nini hasa kilichokuwa kimelijaza ghala.

MZIGO ULIKUWA WAPI

Katika akaunti ya Google upo ukurasa wa kusimamia hifadhi, unaoonyesha kila idara imechukua kiasi gani. Hapo ndipo pa kuanzia, wala si katika picha. Katika akaunti ya mama huyu, barua zilikuwa zimechukua gigabaiti 2, Drive 1, picha na video 5, na nakala ya akiba ya WhatsApp 7. Karibu nusu ya ghala ilikuwa mazungumzo!

Zamani nakala ya WhatsApp haikuhesabiwa katika nafasi ya Google kwa simu za Android. Mabadiliko yalitangazwa Novemba 2023, na tangu 2024 inahesabiwa. Wengi hawakuisikia habari hiyo. Na kilichomo katika nakala hiyo si maneno, maana maneno ni mepesi mno, ni video. Mtu aliye katika kundi la akiba na mikopo, kundi la kanisa au msikiti, kundi la wazazi wa shule na kundi la ukoo, hupokea kila siku vichekesho, mahubiri, maziko ya watu asiowajua na matangazo ya dawa, na vyote huingia katika nakala. Ubaya zaidi ni kwamba, kama simu imeruhusiwa pia kupeleka folda za WhatsApp pamoja na picha za kamera, kichekesho kile kile huhifadhiwa mara mbili katika ghala moja. Jamaa hufuta sura ya bibi yao ili kumpa nafasi mchekeshaji wa mjini.

Utaratibu alioufuata koplo ulikuwa na mpango wake. Alianza na barua, kwa sababu nakala mpya ya WhatsApp haiwezi kupanda wakati ghala limejaa. Katika kisanduku cha kutafutia cha Gmail aliandika larger:10M, na mara zikajitokeza barua zote zilizozidi megabaiti 10. Ziko nyingi za namna hiyo katika kila akaunti: fomu zilizopigwa picha, kadi za arusi, na video aliyojitumia mtu mwenyewe mwaka mzima uliopita akaisahau. Zile zenye hati za maana ziliachwa. Zilizobaki zilifutwa, na tupio la barua likamwagwa pamoja na barua taka. Hapo nafasi ya kwanza ikapatikana, na barua pepe zikaanza kuingia siku ile ile.

Kisha akageukia WhatsApp yenyewe. Katika mipangilio yake ipo sehemu ya kusimamia hifadhi, inayoyapanga makundi kwa uzito na kuonyesha video kubwa na zile zilizosambazwa mara nyingi. Mama akakaa nayo mwenyewe saa nzima, akafuta maziko na vichekesho, akaacha sauti za mumewe. Baadaye, katika sehemu ya nakala za mazungumzo, wakazima alama ya kujumuisha video, wakatengeneza nakala mpya iliyochukua mahali pa ile ya zamani. Kutoka gigabaiti 7 ikashuka hadi 1. Nakala hiyo haipaswi kuachwa kabisa: simu ikiibiwa, mazungumzo yanayorudi ni yale tu yaliyowahi kuwekwa akiba.

VITUFE VIWILI VINAVYOFANANA

Hapa ndipo watu wengi walipoumia. Katika programu ya Picha za Google kipo kitufe cha kupata nafasi katika simu. Kitufe hicho huondoa simuni picha ambazo tayari zina nakala mtandaoni. Ghala la mtandaoni halipungui kitu. Kufuta picha ndani ya programu hiyo hiyo ni jambo lingine kabisa: picha huondoka simuni na mtandaoni pamoja. Yupo aliyetumia kitufe cha kwanza asubuhi, akafurahi kuona simu imekuwa nyepesi, na jioni akafuta zilizobaki mtandaoni akidhani simu bado inazo. Baada ya siku 60 hakuwa na chochote mahali popote. Kwa wenye simu za Apple hali ni hiyo hiyo, tena tupio lao hungoja siku 30 tu.

Kwa hiyo picha na video ambazo nyumba haitaki kuzipoteza, hapana budi zinakiliwe kwanza katika flashi au diski ya kompyuta. Isitoshe kunakili. Baadhi ya video zifunguliwe kutoka katika flashi yenyewe, zitazamwe mwanzo na mwisho, ndipo zile za mtandaoni zifutwe. Asiyetaka kufuta anaweza, kwa kutumia kompyuta, kuiagiza Google ipunguze ubora wa zile zilizopelekwa kwa ukubwa wake kamili. Picha hushushwa hadi megapikseli 16. Kwa albamu ya nyumbani hakuna atakayeona tofauti, ila kupunguza huko hakurudishwi.

Faili ambazo wengine wamekushirikisha hazili nafasi yako. Huhesabiwa kwa mwenyewe. Kuzifuta hakuleti faida.

Wako watakaosema, kwa nini taabu yote hii, si mtu alipie tu? Malipo ya mwezi kwa gigabaiti 100 si makubwa, na kwa mwenye biashara huenda yakafaa. Lakini anayenunua ghala kubwa ili aweke takataka atalijaza vilevile, na siku atakaposhindwa kulipa, mlango wa barua utafungwa tena. Akaunti inayokaa imezidi kipimo kwa miaka miwili yaweza kufutiwa vilivyomo.

Askari polisi wanazijua pia barua za wezi zinazosema ghala limejaa na kumtaka mtu abonyeze mahali fulani alipe upesi. Kipimo cha kweli huonekana kwa kuifungua akaunti mwenyewe, si kwa kufuata kiungo cha barua. Na kwa askari wa kila namna, wakati wa kusafisha ghala ndio wakati mzuri wa kutazama ni nini hakikupaswa kuwamo tangu mwanzo: picha za lango la kambi, za silaha, za ramani au orodha ya zamu. Hizo hazina mahali katika ghala la mtu binafsi, liwe tupu au limejaa.

Lipo pia jambo ambalo jamaa hawapendi kulizungumza. Akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa yote. Google huruhusu mwenye akaunti kuchagua mapema mtu atakayepewa vilivyomo iwapo mwenyewe atanyamaza kwa muda aliouweka. Sajini alilisikia hilo kwa simu kutoka Mogadishu, akakaa kimya kidogo, kisha akasema atajaza jina la bibi yake usiku huo huo.

Chuo kiliandika mara ya tatu na barua ikafika, siku nne kabla ya mwisho wa mwezi. Kipimo kilisimama kwenye gigabaiti 7. Picha ya mama mkwe na matoke yake ilipelekwa mjini ikachapwa kwenye karatasi, nakala mbili: moja iko ukutani juu ya redio, na ya pili ilikwenda Mogadishu ndani ya mfuko wa shati la koplo, ambaye zamu yake ilikuwa imefika.